Kitambaa cha Mzee Ngodup

Kila asubuhi kabla msafara wa wakimbizi haujaondoka, kiongozi alirudia amri ileile: mwenye ndugu Tibet afunike uso, maana picha hufika mbali kuliko miguu, hadi kwa polisi wa huko. Siku kumi Mzee Ngodup alitii. Tangu washuke milimani kuelekea Delhi alitembea na kitambaa cha bluu usoni, akivuta vumbi la malori na jasho lake mwenyewe, wala hakulalamika. Siku ya kumi na moja, yaani jana, alifanya ujinga.

Mpiga picha alipita akiwauliza watu walikozaliwa. Ngodup akaandika jina la kijiji chake kwenye kadibodi, akaiinua juu. Miaka arobaini ameuza sweta kwenye barabara za Wahindi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kwao ni wapi. Raha ikampanda kichwani. Akafungua kitambaa, akatabasamu, mzee wa watu, na pengo lake.

Leo asubuhi Choezom, mtawa aliyetembea naye bega kwa bega, alimsogezea simu.

"Haya Baba, umeshakuwa nyota! Watu elfu arobaini wamekuona. Si ungenyoa basi hizo ndevu zako tatu?"

Ngodup hakucheka. "Ifute."

"Siyo yangu, Baba. Nitaifutaje?"

"Nimesema ifute!"

Choezom alimtazama vizuri. "Una nani kule?"

"Dada yangu mdogo. Yudon."

Utani ukaishia hapo.

Yudon ndiye pekee aliyebaki. Ngodup alimwacha akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, akamwahidi kurudi kabla ya mavuno ya shayiri. Miaka mitatu iliyopita alipata namba yake ya simu, na tangu hapo kila mwezi mpevu, saa sita mchana, dada akishamaliza kuzunguka hekalu na tasbihi yake, Ngodup alimpigia. Waliongea habari za baridi, ng'ombe na meno yanayouma. Siasa hawakuigusa. Zilikuwa dakika tano tu, lakini Ngodup aliishi mwezi mzima kwa dakika hizo. Na leo mwezi ulikuwa mpevu.

Alitembea vibaya siku hiyo. Lami ilichemka, ngano imetanda pande zote mbili, vijana mbele wakipiga kelele za uhuru. Yeye alijidanganya hatua kwa hatua: kijiji kidogo kile, nani atahangaika nacho? Kitambaa alikuwa amekifunga tena, safari hii kwa nguvu mpaka masikio yakauma. Maji yakimwagika hayazoleki, na alilijua hilo.

Mchana walipumzika kwenye hekalu la Masingasinga, wakagawiwa chapati na dengu. Ngodup hakugusa chakula. Alipiga simu, ikaita muda mrefu.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Yudon, lakini kavu.

"Mimi kaka yako. Hujambo, mdogo wangu? Umeshazunguka..."

"Mimi sina kaka."

"Yudon!"

"Kaka yangu alikufa mlimani, kwenye theluji, mwaka uleule alioondoka. Tulimwashia taa za maombolezo siku arobaini na tisa." Nyuma yake mwanamume alikohoa, kiti kikaburuzwa. "Nimeshawaambia hawa wageni. Huyo mzee wa kwenye picha simjui. Usipige tena."

Kabla simu haijakatika Ngodup alimsikia akivuta pumzi, ileile ya utotoni, ya mtoto anayejizuia kulia. Kidole chake kikaenda kwenye namba, akakirudisha. Kumpigia tena kungekuwa kummaliza.

Jioni Choezom alipita na daftari, kama kila siku, akikusanya majina ya marehemu wa kuombewa.

"Una jina, Baba?"

"Andika Ngodup."

"Ngodup yupi?"

"Aliyefia kwenye theluji."

Kalamu ikasimama. "Baba, mtu hai haandikwi. Ni mkosi."

"Andika, binti yangu. Dada yangu amesema uongo mbele ya polisi. Mimi ndiye wa kuufanya uwe kweli."

Choezom akaandika. Majina yaliposomwa, lake lilikuja la nane. Ngodup akainamisha kichwa, akamwombea marehemu pamoja na wenzake, na kitambaa kilikuwa kimelowa mpaka kidevuni.