Mto wa Wateja

Shangazi yangu ni msusi, na chumba tunacholala ndicho anachosukia. Yeye hukaa kwenye kochi, mteja hukaa chini kwenye mto, katikati ya magoti yake, na mimi hukaa pembeni nikichambua rasta, zile nywele za bandia. Mto aliushona mwenyewe. Ndani alijaza mabaki ya rasta, ncha zilizokatwa na zile zilizofumuliwa, maana hapendi kutupa kitu. Umebonyea katikati kwa kukaliwa na wanawake wa mtaa mzima.

Kunguni walipotuingilia, Shangazi alipigana nao kimyakimya. Chaga za kitanda alizimwagia maji yanayochemka. Godoro tulilianika uani, na nikaagizwa niseme nimelimwagia chai. Kochi alilipaka mafuta ya taa mpaka kwenye misumari. Mteja mmoja akauliza ile harufu ni ya nini.

"Mafuta mapya ya nywele," Shangazi akamjibu. "Yanakuza hayo."

Yule dada akaomba apakwe.

Tulipumzika kidogo, kisha wakarudi. Wapangaji wengine nao walikuwa nao, nadhani. Kila mtu alijikuna, lakini alijikunia ndani kwake, mlango umefungwa. Aliyesema wazi alikuwa mmoja tu, Mama Pacha, anayekaa chumba cha juu yetu. Watoto wake wachanga walikuwa wamevimba shingo na masikio, akaenda mwenyewe kwa mama mwenye nyumba kuomba chumba kipigwe dawa.

"Ni kile kitanda chako cha mtumba," mama mwenye nyumba akamwambia. "Umeniletea wadudu kwenye nyumba yangu. Jumamosi uwe umetoka."

Wapangaji wote wakakubaliana naye. Nafikiri walishusha pumzi kwamba amepatikana wa kubebeshwa lawama.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nafagia nywele. Nikauinua mto, nikaona kwenye mshono vidoa vyeusi kama vya wino. Nikafumua nyuzi kidogo. Walikuwa wamejaa kwenye rasta, wakubwa kwa wadogo, na mayai. Tulikuwa tumepekua kila mahali tunapolala. Mto ule haulaliwi na mtu, kwa hiyo hakuna aliyeufikiria.

Nikakumbuka Mama Pacha alivyokuja kusuka mimba ikiwa imemlemea. Alilalamika mgongo, na Shangazi kwa huruma akampa mto ule apande nao juu akaegemee. Alikaa nao mpaka alipojifungua.

"Shangazi," nikaita. "Wamo humu."

Alifunga mlango kwanza, ndipo akatazama.

"Nani mwingine kaona?"

"Hakuna."

"Basi na wewe hujaona."

"Na Mama Pacha?"

"Mama Pacha atapata chumba kingine. Mimi nikiitwa msusi wa kunguni, nitapata kichwa cha nani?" Aliutumbukiza mto kwenye gunia akalikaza kamba. "Kesho akishahama, giza likiingia, nitautupa. Wewe nyamaza tu, mwanangu. Si ndiyo kazi unayoiweza?"

Alikuwa sahihi. Mbele za watu ulimi wangu huwa mzito. Hata dukani huwa nanyoosha kidole.

Jumamosi Mama Pacha aliteremsha vyombo vyake uani, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Mama mwenye nyumba alisimama na funguo. Fundi saa, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa mlangoni kwake akijikuna kiunoni.

"Hivyo vitu viweke mbali, mama," akasema. "Wasije wakakumbuka njia ya kurudi."

Watu wakacheka.

"Nishikie huyu, mdogo wangu," Mama Pacha akaniambia. "Wewe angalau hunicheki."

Mtoto alikuwa mwepesi. Nyuma ya sikio lake kulikuwa na mstari wa vipele, vimekaa kimoja baada ya kingine kama mshono. Nikamtazama, kisha nikamrudishia mama yake, nikaingia ndani.

Shangazi alikuwa na mteja, mikono yote miwili imeshika nywele. Nilichukua wembe wa kukatia rasta na lile gunia.

"Unapeleka wapi hilo?" akauliza taratibu, mteja asishtuke. Nikatoka nalo.

Nikaumwaga mto sakafuni uani, nikauchana. Rasta zikafumka juu ya saruji, nao wakaanza kutembea.

"Ni wa kwetu," nikasema.

"Sema kwa sauti, wewe mtoto," mama mwenye nyumba akasema.

Ikabidi niseme tena. "Ni wa kwetu. Mto huu ulikaa kwa Mama Pacha tulipomwazima sisi. Kitanda chake hakina kosa."

Safari hii walisikia wote, pamoja na mteja, aliyekuwa ametoka na nusu ya kichwa haijasukwa. Aliyatazama yale marundo ya rasta, akajishika nyuma ya sketi yake, akaenda zake hivyohivyo.

Fundi saa akakohoa. "Na kwangu wapo," akasema, bila utani. Mwanamke wa chumba cha mwisho akasema hata kwake. Mama mwenye nyumba akakaa kwenye ngazi, akasema basi ataitwa mpiga dawa na nyumba nzima itapuliziwa siku moja. Mama Pacha akaanza kupandisha vyombo vyake. Nilitaka kumsaidia na beseni. Akalivuta upande wake bila kuniangalia.

Dawa ilipigwa. Wateja hawakuja. Shangazi alinipikia na kunipakulia kama kawaida, ila hakunisemesha. Nilipoomba msamaha alitoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Mchana mmoja akaburuta kiti mpaka mlangoni, akaufungua mlango wote, apitaye uani aone.

"Kaa chini."

Nikakaa kwenye saruji. Akanigawa nywele na kuanza kusuka, msuko ule mgumu anaowapa maharusi. Alivuta mpaka machozi yakanitoka.

"Inauma, Shangazi."

"Najua."

Mwanamke mmoja akapita uani na ndoo. Akapunguza mwendo, akakitazama kichwa changu, kisha akaitazama sakafu niliyokalia. Akaendelea na safari yake.

"Inama," Shangazi akasema.