Kepteni wa Machela

Watu wa Nyabiyonza wakikwambia mimi ndiye kepteni bora waliyewahi kuwa naye, usiwabishie. Wanalisema mwaka wa ngapi sasa, na kila wakilisema nachukua jembe langu naingia kibanjani, kwenye migomba yangu, maana nikikaa nitamtukana mtu.

Nilikuwa kepteni mara mbili. Kwanza wa timu ya mpira ya kitongoji chetu, nikicheza beki wa kati. Pili wa machela. Wakati huo gari kwetu lilionekana msimu wa kahawa tu, kwa hiyo mgonjwa aliyezidiwa alibebwa mabegani mpaka hospitali ya misheni, mwendo wa saa nne kwa wenye miguu mizuri. Kila nyumba ilitoa mbebaji. Wazee walinipa kazi ya kuwapanga kwa sababu, walisema, Elpidius anajua kupanga watu. Na nilijua kweli. Warefu kwa warefu, wafupi kwa wafupi, mgonjwa asilale upande. Kwenye kupanda, kichwa kinatangulia. Kupokezana bega ni huku mnatembea, kwa sababu machela ikituliwa chini njiani ni mkosi. Walionitazama Jumamosi uwanjani na Jumatatu mlimani waliona timu ile ile.

Machela ilikuwa na sheria yake: siku yoyote ile, wanaume sita wenye nguvu wabaki kitongojini. Unakwenda msibani, mnadani, unavuka kwenda Uganda kutafuta sabuni, unaniambia kwanza, nami natazama kama sita wapo. Na mwenye mke aliyekaribia kujifungua lazima anipe taarifa, ili usiku au mchana tuwe tayari.

Timu nayo ilikuwa na sheria moja, na hiyo niliitunga mwenyewe: nje hatutajani. Tukifungwa, tumefungwa wote. Tukiwa peke yetu nitakusema mpaka ukumbuke kwenu, lakini mbele ya watu kosa lako ni langu. Niliipenda sheria ile. Niliitamka kifua mbele, kama mtu aliyegundua moto.

Golikipa wetu alikuwa Sibomana. Alifika kwetu mtoto mdogo, wazazi wake wakitokea Burundi, akakulia kwenye vibarua. Yeye na mkewe Vestina walikaa kwenye kona ya kibanja cha mzee Gaudiosus, mwenyekiti wa machela. Vijana walimtania: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe tumekupa jembe na goli juu yake." Alicheka tu. Alikuwa na viganja vipana kama sinia, na mpira uliogota pale haukuulizwa tena.

Mwaka wa themanini na sita tukaingia fainali ya vijana, ichezwe Rubwera. Zawadi ilikuwa mpira wa ngozi na seti nzima ya jezi. Leo mtu anaweza kucheka. Lakini ile ilikuwa miaka ya kutafuta shati kama unatafuta dawa. Tulicheza na fulana zilizojaa madoa ya utomvu wa ndizi, na winga wetu wa kushoto alivaa kitu kilichowahi kuwa gunia. Mimi nilizitaka jezi zile. Niliziota.

Ijumaa jioni Sibomana alikuja kwangu, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Kepteni, naomba nibaki. Vestina analalamika mgongo tangu asubuhi."

"Mimba ina miezi mingapi?"

"Minane na kitu."

"Minane si tisa, Sibomana. Wanawake huzaa kila siku. Fainali haiji kila siku."

Kisha akauliza, "Na machela? Sita watabaki?"

"Watabaki."

Sikuwa nimedanganya kwa idadi. Nilikuwa na sita wangu. Mmoja alikuwa Mbonimpa mwenye mshipa, ambaye hata ndoo ya maji alisaidiwa kujitwisha. Mwingine mzee Hategekimana, aliyekuwa akiona kwa jicho moja, na hilo nalo asubuhi tu. Wengine wanne walifanana na hao. Kwa majina walitimia sita. Kwa mabega hapakuwa na hata moja, kwa sababu mabega yote ya kitongoji nilikuwa nayapandisha kwenye lori la kahawa kwenda Rubwera.

Tulitoka sare, tukaenda penalti, Sibomana akadaka mbili. Sitaki kusimulia zaidi, ingawa kwa miaka mingi wenzangu hawakusimulia kingine. Dereva wa lori alikunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, kuliko sisi tulioshinda, ikabidi tulale huko huko. Jumapili asubuhi tukarudi tunaimba, tumevaa jezi, kila mtu na namba yake.

Njia panda hapakuwa na mtu wa kutupokea. Watoto walituona wakakimbilia ndani. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama yangu, Kokwijuka, amekaa barazani. Aliteremsha kanga begani. Ngozi ilikuwa imechunika, nyama nyekundu inaonekana.

"Tumembeba sisi," alisema.

Kwetu wanawake hawabebi machela. Hawajawahi. Lakini uchungu ulimkamata Vestina Jumamosi saa tano asubuhi, na mtoto alikaa vibaya. Mbonimpa alijaribu, akaanguka kabla ya kufika kisimani. Basi wanawake wanane wakajitwisha, mrefu na mfupi, mzee na msichana, machela ikiyumba. Waliitua chini mara nne. Mara ya tatu mtoto akatoka, pale pale njiani, hakulia. Vestina alifika hospitali akiwa hai.

"Tulikuwa na nguvu, mwanangu," mama alisema. "Hapakuwa na wa kutupanga."

Sibomana alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Aligeuka akaanza kukimbia kuelekea hospitali, na jezi yake mpya, namba moja mgongoni. Nilitaka kumfuata. Nikaketi barazani kando ya mama.

Kikao kiliitwa baada ya wiki mbili, uani kwa mzee Gaudiosus. Usidhani alikuwa mzee wa hekima kubwa. Alikuwa na vidonda vya tumbo na alipenda mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana. Alimsimamisha Sibomana katikati.

"Mke wako alikuwa amekaribia, nawe ukaondoka. Sheria unaijua. Ulimpa Elpidius taarifa?"

Sibomana akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama golikipa anavyomtazama beki wake mpira ukiwa bado juu, akitaka kujua nani anauchukua. Nilikuwa na muda wa kutosha. Kusema "aliniambia, mimi ndiye niliyemkatalia" ni pumzi moja tu. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Sikumwambia, mzee," alisema Sibomana.

Aliishika sheria yangu hadharani, mbele ya watu wote, na mimi niliyeitunga nikajificha ndani yake. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile liliharibika, na wengi tulikuwepo.

Hukumu ilikuwa kutengwa mwaka mzima. Asipewe moto, asisaidiwe kazi, asisalimiwe kisimani, yeye na mkewe. Mwenye kibanja chake hukumu hiyo humuuma, lakini hukaa ndani akala ndizi zake mpaka mwaka uishe. Kwa kibarua asiye na hata mgomba mmoja, ni kuambiwa aondoke.

Nilijiambia nitakwenda kwa Gaudiosus faraghani, nimweleze, hukumu ifutwe kabla Sibomana hajafunga mizigo. Kesho. Kesho yake nikasema kesho. Niliona haya, na zaidi ya haya niliogopa, kwa kuwa nilipenda kuitwa kepteni kuliko nilivyompenda rafiki yangu. Imenichukua miaka kuweza kuisema sentensi hiyo. Siku ya kumi nilijikaza nikapitia kwao kwanza. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba, na jivu la jikoni lilikuwa baridi.

Ndipo nikaenda kwa Gaudiosus, mbio, kana kwamba sasa kulikuwa na haraka. Nikamwaga yote. Yeye alikuwa anatafuna punje za kahawa, na hakuacha kutafuna.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Nani asiyejua? Mbonimpa na mshipa wake ndiye mmoja wa sita? Tulikuwa tunakungoja wewe useme."

"Sasa kwa nini mlimhukumu yeye?"

"Kwa sababu hakuwa na mtu wa kumsemea. Tulidhani anaye."

Nikamwomba wanitenge mimi. Nilimsihi, waitu, jamani, nilipiga magoti. Akanitazama kama mtu anayeombwa upuuzi.

"Tukikutenga wewe, machela ataipanga nani?" Kisha akaita chakula.

Kwa hiyo hakuna aliyeniadhibu. Watu walinisalimia kisimani, walinisaidia kuvuna, waliniletea lubisi ya kwanza ya kila mtungi. Vijana wa timu nao walijua, na sheria walikuwa nayo, basi hawakunitaja nje. Nilingoja tukae peke yetu mmoja wao anivae, anitukane mpaka babu yangu, nipumue. Hata tulipokuwa peke yetu hawakunitaja. Nilikaa katikati ya watu kumi wanaonipenda nikiwa mpweke kuliko yule aliyeondoka na mkewe na godoro lao. Msimu uliofuata niliacha mpira. Machela sikuiacha, na tangu siku ile sita wangu walikuwa sita wa mabega.

Mwaka wa tisini na mbili nikasikia Sibomana yuko Ihanda, amepata shamba la kahawa la kutunza. Nilifunga mkungu wa ndizi nyuma ya baiskeli nikaenda. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, nikijikokota kama mtoto anayeitwa na mwalimu.

"Kepteni!" alipiga kelele aliponiona. Alinikumbatia, akaniketisha, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Aliuliza habari za kila mmoja, mpaka yule winga wa gunia. Nami nikamwambia nilichokuja kusema, chote, nikiwa nimeinamisha kichwa.

Alinishika bega. "Yale ya timu yaliishia kwenye timu, kepteni. Mimi sina kinyongo."

Nilijisikia mwepesi. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilijisikia mwepesi, na kahawa ikawa tamu mdomoni.

Vestina akaingia na maji ya kunawa, maana chakula kilikuwa tayari. Alikuwa amekonda, na nywele zake zilikuwa na mvi ambazo umri wake haukuzidai. Ukuta kati ya jiko na sebule ulikuwa wa mabanzi tu. Alikuwa amesikia kila neno.

"Karibu, shemeji."

"Asante, Vestina." Nikaona nimalize yote kwa siku moja. "Vestina, mwenzako amenisamehe."

"Nimesikia. Amekusamehe kwa sababu alikuwa mchezaji wako." Akaweka beseni chini ya mikono yangu. "Mimi sikuwa kwenye timu."

Alinimiminia maji taratibu mpaka mikono ikatakata, kama anavyonawishwa mgeni yeyote, kisha akatoka nje kuanua kahawa yake.