Bati Lisipotetema

Pale Chumbi filamu haikuwa filamu mpaka Haitham aipitishe. Mdomo wake haukuwa na breki, na Fikirini, mwenye banda la video, alimwekea kiti cha mbele kabisa kama cha bwana harusi. Picha ikiwa na giza, Haitham husema, "Waigizaji wote wamepakwa masizi ya sufuria." Sauti nayo ilikuwa na kipimo chake: spika la besi hufunguliwa mpaka mwisho, na mabati ya paa yakitetema, kopi ni nzima. Yasipotetema, Fikirini anaifuta kwenye flashi na kuweka nyingine.

Alasiri hiyo ilikuwa zamu ya filamu ya zamani, iliyopigwa huku huku kwenye mashamba ya mpunga, enzi Bi Hajira yu mtoto. Kopi zake za mwanzo kila mtu alizijua: chenga tupu, sauti kama mtu anakaanga samaki. Sasa ilikuwa imetolewa upya, imesafishwa, na Bi Hajira, bibi yake Haitham, alikuja na mkeka wake. Aliwahi kuambiwa kwamba siku ilipopigwa filamu hiyo marehemu mama yake alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu, akifukuza ndege, na kamera ikampitia. Picha ya mama yake hakuwa nayo hata moja. Uso wenyewe ulishamtoka kichwani.

"Mke wangu, umekuja kunichunga nisitazame wasichana?" Haitham akamtania.

"Nani akutazame wewe, na meno unasukutua Ijumaa kwa Ijumaa?"

Banda zima likacheka. Filamu ikaanza. Besi ikafunguliwa mpaka mwisho, likavuma spika lenyewe tu, vuuu. Bati kimya.

"Imekufa hii," Haitham akahukumu. "Futa, tuweke ya ngumi."

Fikirini akainua rimoti.

"Ngoja, baba, tufike shambani kwanza," Bi Hajira akamsihi. "Na hilo lidude lizimeni, linanivuma kifuani."

Haitham akachomoa waya wa besi kwa mbwembwe. "Haya, bibi, sikiliza ukimya wako."

Ndipo, kwenye spika ndogo za pembeni, upepo wa shambani ukapita. Ulianzia kushoto, ukaufagia mpunga mpaka kulia, na watu wakaufuata kwa shingo. Mashuke yalionekana moja moja, na umande juu yake. Ndege wakaruka, mbawa zao zikasikika kama khanga inayokung'utwa. Na pale ambapo miaka yote Haitham alizoea kuona doa jeupe, akaapa ni mkwaruzo wa sidii, palikuwa na dungu. Juu yake mwanamke kafunga kaniki, anazungusha kombeo. Akageuka. Alikuwa na mwanya, na kidevu kile kile cha Bi Hajira.

"Hajiraaa! Niletee maji, mwanangu!"

"Abee, mama!"

Bi Hajira alikuwa keshasimama, mkono kaunyoosha kama aliyeshika kata.



"Hakimu," Fikirini akanong'ona, "nifute?"

Haitham akampokonya rimoti, akarudisha nyuma hadi upepo unapoanza, kisha akamsogezea bibi yake kile kiti cha mbele.