Tunarudi Jioni

Winfrida alikwenda Kihonda, pembeni mwa mji, Jumamosi ile kufua nguo na kula chakula kilichopikwa na mtu anayemjua kwa jina. Alikuwa mwaka wa pili pale chuoni Mzumbe, ana jaribio Jumatatu asubuhi, na madaftari aliyabeba. Madaftari ya mwanafunzi aliyekwenda kwa ndugu hayafunguliwi. Hubebwa ili kutuliza dhamiri.

Mwenyeji wake alikuwa Mjomba Laurenti, kaka wa marehemu mama yake, fundi wa mashine katika kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Jumapili, waliporudi kutoka misa ya kwanza, mjomba alisimama mlangoni na kusema, "Vaeni viatu vya kutembelea. Leo tunapanda Mgeta kumwona bibi."

Watoto wake, Elia na Irene, walirukaruka. Mkewe, Neema, hakuonyesha kushangaa. Pilau alikuwa ameshaipika tangu alfajiri, na gari aina ya Noah, la kuazima, lilikuwa limeshaegeshwa nje. Winfrida aliyaona yote hayo akayapita, maana furaha ilikuwa imemziba macho. Bibi Veronika ndiye aliyemlea tangu mama yake, Cecilia, alipofariki. Tangu Krismasi hawakuwa wameonana.

Walipita Mzumbe, chuo kikabaki nyuma, barabara ikaanza kupanda. Hapo ndipo mjomba aliposema, macho yakiwa mbele, "Wini, leo tunamshusha bibi. Moja kwa moja."

Akaeleza. Wakati wa masika bibi aliteleza jikoni, akalala sakafuni siku mbili usiku na mchana, hadi jirani mmoja, Mzee Ernest, alipoona kuku hawajafunguliwa. Laurenti alikuwa amepanda mara mbili kumwomba ahame, na mara ya tatu alikwenda na wazee wa ukoo. Bibi aliwapikia wote, akawashibisha, akawaambia nyumba ile atatoka amebebwa.

"Mimi kwake ni mwanaume tu," alisema mjomba. "Mama yako angekuwepo, angelisema yeye. Umebaki wewe."

Winfrida alielewa. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na katika tumbo lao nyumba na shamba vilifuata wanawake: kutoka kwa Veronika kwenda kwa Cecilia, na Cecilia alipokufa, kwa Winfrida. Laurenti alizaliwa katika nyumba ile, lakini mbele ya mama yake alikuwa mgeni mwenye ndevu.

"Mwambie tunamshusha chuoni kwako, aone unaposoma," mjomba aliendelea. "Atakula pilau, na jioni tunarudi."

"Na jioni ikifika?"

"Ikifika tutajua la kusema."

"Mjomba, mimi nitamwambia ukweli."

"Ukimwambia ukweli atabaki. Na akianguka tena, utakuwa umemwambia ukweli."

Winfrida alitafuta jibu mpaka gari liliposimama, akalitafuta tena katika mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, wakipanda katikati ya matuta ya kabichi na njegere, na hakulipata. Bibi akifa sakafuni peke yake, nani angejisifu kwamba alisema kweli?

Walimkuta jikoni, anachagua maharage. Alikuwa amepungua. Gauni lilimning'inia mabegani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umenenepa. Huko chuoni mnasoma au mnalishwa?"

Ndivyo walivyozoea kutaniana tangu babu akiwa hai. Babu alimwita mjukuu wake mke mdogo, naye bibi akajifanya ana wivu, na babu alipokufa utani ukabaki wa wawili. Winfrida alicheka, kisha akasema alichotumwa. Alikisema vizuri mno. Alielezea majengo, maktaba, nyasi zilizokatwa, na jinsi angependa bibi akae japo mara moja kwenye kiti anachokalia yeye darasani.

Bibi hakumtazama Laurenti hata kidogo. Alimtazama yeye.

"Tunarudi lini?"

"Jioni, bibi. Tunarudi jioni."

"Basi ngoja nijitengeneze."

Alivaa kanga zake za kanisani. Maharage aliyaloweka kwenye sufuria ili ayakute yamelainika wakati wa kupika. Kuku aliwamwagia mahindi ya siku moja. Mwisho alipiga magoti mekoni, akakusanya makaa, akayafukia kwa majivu na kuyashindilia kwa mgongo wa upawa. Moto wa nyumba ile hauzimwi, hulazwa. Mwanamke akirudi huufukua na kuupuliza. Winfrida alijifunza kazi hiyo kabla hajajua kusoma.

Rozari ilikuwa ukutani, na dawa za presha zilikuwa kwenye kopo juu ya kabati. Winfrida aliviona vyote viwili. Alitamani kuvitia kwenye mkoba wake, lakini mtu anayerudi jioni habebi rozari wala vidonge vya mwezi mzima. Akaviacha. Kati ya yote aliyoyafanya siku ile, hilo ndilo lililokuja kumkosesha usingizi.

Na ubaya ni kwamba matembezi yenyewe yalikuwa mazuri. Walitandika mkeka kwenye nyasi za chuo, wakala pilau na kachumbari. Bibi alikaa kwenye kiti cha darasani, akaweka mikono mezani, akamwamuru Elia ajifanye mwalimu. Elia alimuuliza mbili mara mbili ni ngapi. Bibi akajibu kwamba inategemea anayenunua. Hata Laurenti alicheka, yeye ambaye tangu asubuhi alikuwa na uso wa mtu anayekwenda mahakamani.

Saa tisa mjomba alimvuta Winfrida pembeni. "Wewe baki. Una jaribio kesho, na chuo ndicho hiki. Nguo zako nitakuletea."

Alijua maana yake. Angebaki, asingekuwemo garini wakati bibi anatambua. Hapa msimulizi angependa kusema kwamba msichana alikataa. Hakukataa. Alishukuru.

Bibi alimuaga kutoka dirishani. "Haya, mke mwenza, soma. Mimi nikaamshe moto wangu."

Noah ilitoka getini. Mkono mmoja barabara inapanda Mgeta, mkono wa pili inakwenda kwenye lami na mjini. Ikashika njia ya lami. Kabla haijapotea, Winfrida aliona mkono wa bibi ukigonga kioo mara mbili, taratibu, kama anayemkumbusha dereva kwamba amekosea njia.

Jaribio alilifaulu.

Habari za Kihonda zilimfikia kwa simu. Bibi hagombi wala halii, alisema mjomba. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Dawa amenunuliwa nyingine, anameza akipewa. Lakini chakula anakionja tu, na kila asubuhi anajifunga kanga zake za kanisani, anaketi barazani na kutazama mlimani. Jua likizama anaingia ndani, anazivua, anazikunja.

"Anakuulizia?" Winfrida aliuliza.

"Hapana."

Jumamosi ya kwanza Winfrida hakwenda. Kulikuwa na kazi ya kikundi. Jumamosi ya pili hakukuwa na kazi yoyote, na hakwenda vilevile, kwa aibu. Ya tatu alikwenda. Alimkuta barazani, kanga zimefungwa, miguu imevimba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Alingoja utani uje. Alijiweka tayari kuchekwa unene wake, viatu vyake, nywele zake. Haukuja. Akapiga magoti kwenye saruji, akamshika bibi miguu, akalia.

"Bibi, nisamehe. Nilikudanganya."

"Ulisema jioni," bibi alisema. "Hukusema ya lini. Na mimi nimeshazihesabu ishirini."

"Ulianguka, bibi. Tuliogopa."

"Najua mliogopa. Hata mimi niliogopa, pale sakafuni. Ila nilikuwa kwangu." Alimfuta machozi kwa pindo la kanga. "Laurenti angesema jioni, nisingenyanyuka. Nilinyanyuka kwa sababu ulisema wewe."

"Jumamosi ijayo nitakupandisha mwenyewe. Mjomba akatae akubali."

"Ahadi ni deni, mjukuu wangu. Lipa la kwanza."

Aliondoka Kihonda akiwa amekata shauri kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Jumatatu alizungumza na mwenye gari. Jumatano, kabla ya saa nne asubuhi, mjomba alipiga simu na hakuweza kusema zaidi ya "Wini". Bibi Veronika alikuwa amefia barazani, kanga zikiwa mwilini. Daktari alisema ni moyo.

Walimpandisha Alhamisi. Barabara ilikuwa na tope, gari likanasa mara mbili, na wanaume walipolishusha jeneza na kuanza kulibeba katikati ya kabichi, jua lilikuwa linagusa mgongo wa mlima.

Walilitua uani, wakangoja. Maiti ya mwanamke haiingizwi katika nyumba ile kabla moto haujaamshwa, na anayeuamsha ni mwanamke wa tumbo lile. Majirani walijaa uani, kina mama wenye umri wa kumzaa, na hakuna aliyegusa mlango. Walimpisha Winfrida.

Ndani, maharage yalikuwa yamechipua kwenye sufuria, yakaoza, yakakauka. Kuku hawakuwepo tena. Rozari ilikuwa ukutani. Juu ya majivu alama ya mgongo wa upawa ilikuwa bado inaonekana, kama ilivyoachwa na mtu anayerudi jioni.

Alifukua kwa vidole. Alifukua mpaka udongoni. Majivu yalikuwa baridi mpaka chini, na chembe za makaa zilizobaki zilivunjikia mkononi.

Mke wa Mzee Ernest alimletea kaa la moto kwenye kigae kutoka kwake. Winfrida aliliweka mekoni, akainama, akapuliza hadi moshi ukamwingia machoni na kuni zikashika.

"Bibi, tumerudi," alisema.

Hakuna aliyemtania. Nje, wabebaji walilinyanyua jeneza, na sauti ya Mjomba Laurenti ikauliza kutoka kizingitini, kwa adabu, kama inavyompasa mgeni.

"Mwenye nyumba, tuingie?"

Winfrida aligeuka kumtafuta bibi ajibu. Kisha akajibu mwenyewe.