Neno la Kushushia Injini

Mama alishasema lake: gari la marehemu mumewe litembee au litoke uani, maana amechoka kufungua dirisha la jikoni na kukutana nalo uso kwa uso. Binti yake, aliyebandikwa jina la Nati tangu enzi za kuokota nati kwenye sakafu ya gereji ya baba yake, alichagua litembee. Lakini injini ya gari la kizamani kama lile, chuma kitupu, haitolewi na mtu mmoja. Ilibidi amwite Baba Mdogo.

Baba Mdogo alikuja na ovaroli iliyopigwa pasi. Hakuwa ameivaa tangu msiba. Alilizunguka gari kwa mbali, kama mtu aliyefika kwenye nyumba asikoalikwa.

"Injini bado imelala upande," alisema.

"Sijaigusa. Iko vilevile ilivyodondokea."

Familia nzima ilikijua kisa kwa namna moja: kamba iliteleza. Siku ya ajali Baba na mdogo wake walikuwa wakiinua injini kwa kamba iliyopitishwa juu ya boriti. Baba alijikunja, kifua kizima ndani ya boneti, akipapasa boliti iliyokwama. Baba Mdogo alishika kamba nyuma ya gari, haoni kitu. Nati alimulika tochi. Baba akatamka neno moja, kamba ikalegea, injini ikashuka ikamkuta.

Neno lenyewe Nati alilisikia vizuri. Lilikuwa "acha". Katika gereji yao, acha maana yake simama hapohapo. Achia maana yake legeza kamba, teremsha mzigo. Tofauti ni irabu moja, na mtu aliye nyuma ya gari, jasho masikioni, irabu moja inampita hivihivi. Basi Nati alilimeza neno lile akanyamaza nalo. Baba Mdogo ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, ndiye aliyelia msibani mpaka sauti ikakauka. Nati akaapa kwamba mzee huyu hatajua kamwe, si kwa kinywa chake.

Safari hii hapakuwa na kamba. Nati aliazima kapi la mnyororo, lile ambalo hata ukiondoa mkono mzigo unabaki ulipo, akalitundika kwenye stendi ya vyuma yenye miguu mipana. Betri alikwishaitoa. Maji na oili alikwishamwaga, rejeta iko pembeni, na kila waya una utepe wa rangi yake. Magurudumu yamezuiwa kwa mawe, giaboksi imeegeshwa juu ya jeki na kipande cha ubao.

"Hakuna kuingiza mkono chini yake," alisema. "Wala kichwa, wala kidole."

"Na pua je? Maana yangu inatangulia popote niendapo."

"Hasa hiyo."

Baba Mdogo akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Na maneno ni matatu tu. Panda, shuka, simama. Mengine hatuyatumii."

"Umeshakuwa trafiki, mwanangu. Haya, amri yako."

Baba Mdogo alivuta mnyororo. Injini ikanyanyuka upana wa kidole, wakaiacha ining'inie kwanza huku Nati akikagua ndoano moja baada ya nyingine. Panda. Panda tena. Ilipofika nusu, upande wa nyuma ukang'ang'ania.

"Simama."

Akasimama. Nati akachukua mtaimbo mrefu, akausukuma upande ule akiwa mbali, ukanasuka bila vurugu.

"Kaka angesema acha," Baba Mdogo akasema, kama anayekumbuka utani.

"Hilo halitumiki."

"Na achia?"

"Nalo halitumiki."

Alikuwa amejibu upesi mno. Baba Mdogo aliutazama mnyororo mkononi mwake, kisha akamtazama yeye.

"Umeyafuta yote mawili. Kwa nini?"

"Yanafanana, Baba Mdogo. Nimeona ni usalama."

"Yanafanana," alirudia, taratibu. "Kwani siku ile wewe ulisikia lipi?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Kazi yake ni kuongeza irabu moja tu. Lakini kinywa kilichelewa, na kule kuchelewa kukasema kila kitu.

Baba Mdogo hakuketi wala hakupiga kelele. "Mimi nilisikia achia," alisema. "Nikamlaumu Kaka, mwanangu. Kila siku namlaumu. Nikawaambia watu kamba iliteleza, wasije wakamcheka kaburini kwamba fundi mzima aliamuru injini imshukie mwenyewe. Kumbe namsitiri mtu asiye na kosa."

"Hukusikia vibaya kwa kutaka."

"Sikutaka. Lakini nilimlaumu kwa kutaka." Alifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Haya, toa amri. Injini haiwezi kukaa hewani."

"Panda," Nati alisema.

Injini ilipovuka kingo za boneti waliondoa mawe na jeki, wakalisukuma gari nyuma mpaka chini ya injini pakabaki magogo aliyoyapanga Nati mapema. Shuka, alisema. Shuka. Simama. Mzee alitii kila neno, hakuzidisha wala hakupunguza, na chuma kikakaa juu ya magogo bila hata kutoa mlio.

"Mama yako anajua?"

"Hajui. Hana haja ya kujua."

"Nimekula kwenye meza yake muda wote huu."

Akaenda kwenye bomba, akanawa mpaka kwenye viwiko, akajipangusa kwa ovaroli, akapita mlango wa jikoni. Nati alibaki akifungua ndoano moja baada ya nyingine. Alimsikia mama yake akichangamka ndani: "Shemeji, wewe na mafuta yako usinisogelee kiti. Simama kwanza nitandike gazeti."

Kisha akasikia gazeti likitandikwa, na kiti kikivutwa, na baada ya hapo sauti moja tu, ya chini, ya Baba Mdogo, ikizungumza peke yake.