Mguu Usiowasha

…na wala hauwashi tena, umenyamaza kama mtoto aliyeshiba, ndivyo alivyojiambia akiuzamisha mguu wa kushoto kwenye beseni, maji ya birika na siki, na kitunguu saumu alichokiponda mwenyewe kinaelea juu juu, harufu imejaa chumba, imepanda ukutani, imeingia mpaka kwenye pazia, ndiyo maana mtaa mzima wanamwita Mama Kitunguu na yeye hanuni, jina la dawa si tusi, wangapi wamekuja hapa wanachechemea, katikati ya vidole kumechanika, kumekuwa kweupe kama mkate uliolowa, wakakaa kwenye kigoda hiki hiki… na mkwewe huko sebuleni anasema kitu, cherehani inanguruma, inasimama, "Mama, bado unawasha huo mguu?" na yeye akapaza sauti, "Hauwashi hata kidogo! Si nilikwambia kitunguu ni kitunguu?" "Haya mama, hongera," na cherehani ikayameza yaliyobaki, hongera anasema mdomoni, moyoni ana lake, mkwe huyu ana adabu, hilo hawezi kumnyima, ila ana neno moja haliachi, twende tukapime sukari mama, unakunywa maji kama mchanga, usiku mlango wa choo haupumziki, na yeye akamjibu, mwanangu, sukari na mimi hatujuani, hata chai yangu naionjesha tu, wakacheka wote, yakaisha… hayakuisha, yale maneno yalibaki pale mezani kama kikombe ambacho hakuna anayetaka kukiosha… lakini fangasi ni fangasi, sukari inaingiaje, fangasi hii aliitoa kiwandani, kwenye kuosha chupa za soda, kutwa nzima ndani ya buti za mpira, maji yanaingia kwa juu na kwa chini hayana pa kutokea, wanawake wa zamu yao wote walikuwa wanajikuna, wakivua buti jioni kila mmoja ana dawa yake, huyu mwarobaini, huyu magadi, huyu shubiri, na yule shoga yake waliyemwita Kifaru akaapa kwamba mkojo wa asubuhi ndio kiboko, wakamkimbia wote na ndala mkononi, naye anawafuata, "Jamani, si nimesema wa kwako mwenyewe!" na msimamizi anapita, "Nyinyi kina mama, mko kazini au mko kwa mganga?" na Kifaru, "Mganga ndiye wewe, mbona nawe unajikuna?" lo, Kifaru, Mungu amrehemu, mdomo ule… na ule utamu wa kujikuna, utamu wa aibu, unasugua kisigino juu ya vidole mpaka macho yanafumba yenyewe, unajua kesho utalia na bado unasugua, miaka yote hiyo mwasho haukumwacha, akiufukuza unarudi kama paka aliyetupwa mbali, sasa juzijuzi tu umeondoka, umeondoka bila kuaga, na dawa ni ile ile, mkono unaoponda ni ule ule… basi dawa huchelewa, mbona hata mvua huchelewa… "Mama, katoto kameamka! Ukimaliza ukaogeshe, mimi niko na gauni la watu hapa!" "Nakuja," akasema, kajukuu kake, mgongo wake wote unakajua, kakilia humu ndani hakanyamazi kwa mwingine, kanataka mgongo wa bibi na kile kimwendo chake cha kwenda na kurudi, kwenda na kurudi kati ya kitanda na dirisha… akainama kuchota kale kapunje ka kitunguu kasiende na maji, na mkono ukaruka wenyewe, ukaruka mpaka ukagonga ukingo wa beseni, "Ala!" maji haya, nani kayafanya hivi… mkono huu umeanza udhaifu, uzee huo, au ni siki imeingia kwenye kidonda cha kisu, lakini vidole vilikuwa vyekundu, na moshi, ndiyo, ule moshi mwembamba juu ya maji, ulikuwapo tangu mwanzo, ameuona na akaona ni jambo la kawaida, na mguu umo ndani, umetulia, unaota kama bwana mkubwa… mama yake alimwambia, kiganja cha mwanamke kimezoea sufuria, kitakudanganya, maji ya mtoto yapime kwa kiwiko, kiwiko hakijazoea kitu, na watoto wote wa nyumba hii wameoga kwa kiwiko chake hiki, akakunja nguo begani, akakishusha taratibu, na kiwiko kikapiga kelele mwilini mwake mpaka kwenye meno.

Akautoa mguu, ukatoka unachuruzika, mwekundu kama wa mtu mwingine, akaupakata juu ya goti na kutazama kule asikotazama siku hizi maana hakumwiti, chini ya kidole kidogo palikuwa na ufa, umezama ndani, rangi si nzuri, akabonyeza kwa ukucha, akabonyeza tena, ni kama kubonyeza kiatu… na mlinzi akamjia akilini, wala hakumwita, yule mlinzi wa ghala aliyekuwa jirani yao zamani, anacheka mlangoni, "Mama Kitunguu, mguu wangu siku hizi mtiifu, haulalamiki kabisa, jana nimetembea na msumari ndani ya kiatu kutwa nzima, nimeuona usiku wakati wa kuvua!" wakacheka naye, wakasema mwanaume huyu ni chuma, na baadaye akarudi kutoka hospitali suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini gotini, sukari, walisema, sukari ilianza kwa kumlaza mguu usingizi… mgongo wa bibi unataka miguu miwili, kwenda na kurudi, kitanda na dirisha… basi ule mwasho ulikuwa ni mguu unaongea, miaka yote anaugombeza nyamaza, nyamaza, na uliponyamaza akajisifu… katoto kanalia, cherehani inanguruma, siki ile ile puani, moshi bado unapanda, angeweza kuurudisha mguu ndani, kujifuta, kuvaa soksi, nani angejua… na cherehani ikasimama.

"Mama? Mbona kimya? Umeanza kuwasha tena?"

Jibu lilikuwa tayari, ulimi umelizoea, akalimeza, akatafuta jingine, akakuta ni lile lile.

"Hauwashi," akasema, na sauti haikufika hata mlangoni, ikabidi aseme tena, "hauwashi, mwanangu… njoo uutazame."