Karanga za Kipipa

Mwanangu alizaliwa mnene, mashavu yamejaa, na babake akampachika jina la Kipipa kabla hatujatoka hospitali. Alipoingia mwaka wake wa pili jina lilikuwa linampwaya kama shati la babake. Mikono vijiti, tumbo limetangulia mbele, na kila jirani ana dawa yake ya kunipa bila kuombwa.

Si kwamba alikuwa hali. Kwetu chakula kilisimamiwa kwa jicho kali kuliko nyumba yoyote mtaani, maana msimamizi alikuwa mama mkwe. Alipohamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe, kitu cha kwanza alichokitoa jikoni ni kopo langu la unga wa uji, lile lenye picha ya mtoto anayecheka. "Mtoto hakuzwi na picha," alisema. Mimi ni msusi, kwa maneno sishindwi, lakini siku ile nilimpisha jikoni. Wiki hiyohiyo akashika jembe, akalima nyuma ya nyumba pale mume wangu alipokuwa akirundika vyuma vyake chakavu, akapanda mahindi, mchicha na karanga. Mume wangu akahamisha vyuma siku hiyohiyo. Huko kazini ni simba wa kuchomelea mageti, mbele ya mamake ni kondoo.

Nilikuja kumpenda mama yule kwa kazi ile. Alipalilia kwa magoti. Alivuna, akaanika, akasaga, na uji wake ulinukia mpaka wateja wangu wakawa wanauliza kinachopikwa. Kasoro ilikuwa moja, nayo hakuna aliyejua kuwa ni kasoro. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba, na ganda la karanga kavu lilimtoa machozi. Basi alizinyunyizia maji, akazifunika gunia zilale, na kesho yake maganda yakafunguka kwa urahisi. Alizimenya akiimba, kisha akazitia kwenye ndoo na kubana mfuniko ili panya wasionje. Kwao walifanya hivyo, na mamangu mzazi pia alifanya hivyo.

Kliniki, muuguzi alimweka Kipipa kwenye mizani, akamshusha, akampandisha tena.

"Unampa nini huyu?"

Nikajigamba. "Uji wa nyumbani. Karanga analima bibi yake mwenyewe, hakuna cha dukani."

Akauliza tunazikaushaje, nikamwambia juani. Akauliza tunazimenyaje, nikacheka. "Tunazilowesha kidogo, dada. Vidole navyo vina haki yake."

Hakucheka. Akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa mwiba, kwamba karanga ikilowa na kufungiwa huota kuvu, na kuvu ile ina sumu. Haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha, na mtoto anayelishwa kila siku hudumaa. Iliyoota na iliyolala nayo ndoo moja, zote ni za kutupa. Nilikuwa na swali moja tu, kama mtoto atapona, naye akanijibu kwamba tumewahi, tukibadilisha chakula leo mtoto atainuka.

Njiani nilitafuta maneno. Nitamwambiaje? Mwanamke amefiwa, ameacha nyumba yake, na kilichobaki cha kumfanya ajione mtu ni ndoo ile. Mimi ndiye wa kumwambia kwamba anamlisha mjukuu wake sumu? Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Nilimkuta jikoni akichambua karanga kwenye ungo. Nikakaa chini mbele yake, nikasema yote kwa mara moja, maana habari mbaya ukiikata vipande kila kipande kinauma.

Hakupaza sauti. "Mimi nachambua, mama Kipipa. Karanga yenye ukungu hata moja haijaingia kwenye uji wa mtoto."

"Mama, samaki mmoja akioza..."

"Wote wameoza," akamalizia mwenyewe, polepole.

Akautazama ungo. Upande mmoja karanga nyekundu, safi kwa macho. Upande wa pili zilizokunjamana, zenye vumbi la kijani. Nikamuuliza zile mbovu huwa anazitupa wapi, maana sijawahi kuziona kwenye takataka.

"Chakula hakitupwi," alisema. "Nzuri ni za mtoto. Hizi nazikaanga na chumvi, nakula mimi."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu tuvune."

Nilitaka kumfokea na nilitaka kumkumbatia, nikashindwa yote mawili. Akainuka kwa kushika ukuta, akaibeba ndoo mwenyewe, akakataa msaada wangu. Tulichimba shimo refu pembeni mwa shamba ili kuku wasifukue. Alizimwaga bila haraka, akafukia kwa jembe lilelile alilopandia. Nilimwona akilia na sikujifanya sioni. Nilichukua jembe, nikamalizia udongo uliobaki.

"Mtoto atapona?" aliuliza.

"Atapona, Mama. Muuguzi amesema tumewahi."

"Mungu mkubwa." Akajipangusa uso kwa kiganja. Kisha, bila kunitazama, akauliza, "Na mtu mzima je? Akizila?"

Kule kliniki nilikuwa nimeuliza habari za mtoto peke yake. Ya mtu mzima haikunipitia kichwani. Nikamwambia sijui, maana uongo angeusoma usoni mwangu.

"Kesho tunakwenda wote," nilisema. "Wakupime na wewe."

"Kesho, sawa. Lakini leo mtoto hajala." Akainama kuchuma mchicha, akasita, akarudisha mkono. "Chuma wewe. Nunua na mayai kwa jirani. Upike wewe, mama Kipipa. Mkono wangu siuamini tena."

Maneno hayo yalinichoma kuliko yote niliyoyasikia kutwa nzima. Nilichuma, nikanunua mayai, nikapika. Lakini kazi ya kumlisha sikukubali kumnyang'anya bibi yake. Nilimpakatisha mama mkwe mtoto, nikamshikisha bakuli, nikaonja kijiko cha kwanza mbele yake, kisha nikamwachia. Alishika kijiko hewani, akanitazama kama anayeomba ruhusa. Kipipa, asiyejua lolote, alikuwa ameshafungua mdomo.